Vitambaa Arobaini na Sita

Mtaani walisema Mama Pasi alificha mali ya hoteli iliyofilisika. Hakuficha. Kila kipande kilichoingia katika nyumba ile kiliandikwa daftarini siku ya kuingia na siku ya kutoka, na daftari lipo mpaka leo, mwenye macho aje asome. Lililotokea ni dogo kuliko maneno ya watu, na linaweza kuelezwa bila kupaza sauti.

Jina lenyewe la Mama Pasi hakulipenda. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuweka chaki chini na kumsaidia mumewe kazi ya udobi, na moyoni alijihesabu bado mwalimu. Lakini mtaa ukishakupa jina hauulizi kama limekukaa. Akaliitikia.

Nyumba yao ya udobi ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha kwanza cha kupokelea: kaunta ya mbao, daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Cha pili cha kufulia: mabeseni manne ya saruji, mashine mbili, na ile mashine kubwa ya kukaushia iliyochukua ukuta mzima. Cha tatu cha pasi: meza ndefu iliyovikwa blanketi na shuka jeupe juu yake, na rafu za kuwekea mabunda yaliyofungwa kamba. Juu ya mlango wa chumba hicho cha tatu, mumewe alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu, herufi za kupimwa kwa rula: NGUO IKISHAPIGWA PASI HAILALI HAPA.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Mumewe alikuwa na sababu yake. Alipokuwa kijana, dobi wa mtaa wa pili alionekana harusini akicheza kwa madaha ndani ya suti ya mteja, na mteja mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu, amevaa shati tupu kwa sababu aliambiwa suti haijakauka. Kicheko cha siku ile kilimfukuza yule dobi mjini. Mume wa Mama Pasi akaapa kwamba kwake yeye nguo safi itarudi kwa mwenyewe siku ile ile, mvua inyeshe, mteja awe amelipa au hajalipa. Kwa miaka ishirini na mbili ilikuwa hivyo. Watu waliwaamini kwa mashuka yao ya ndani kabisa, na hilo si jambo la kila nyumba.

Mumewe alifariki. Ilikuwa ghafla, na hapa si mahali pa kuyarudia. Baada ya msiba Mama Pasi alirudi kazini siku ya kumi na moja, akafungua daftari, akaendelea na namba pale zilipoishia. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Mambo yalimfikia kama redio ya jirani: aliyasikia vizuri, ila hayakuwa yake. Alikula kwa sababu saa ilikuwa imefika. Siku moja aliegemea pasi ya moto kwa kiganja, na aliyemwambia aondoe mkono ni shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa mpigaji pasi mkuu. Mtu wa mizaha, mwenye tumbo la heshima na vidole vyepesi kuliko vya mshona shela. Waliitana "shemeji" pande zote mbili, asubuhi mpaka jioni, hata wafuaji wawili wa kike waliokuwa kule kwenye mabeseni wakawa wanawaita "Shemeji mkubwa" na "Shemeji mnene" wakidhani hawasikiki.

Mteja wao mkubwa alikuwa hoteli ya vyumba sitini iliyokuwa mwisho wa barabara. Ni kwa ajili ya hoteli hiyo walinunua ile mashine ya kukaushia, kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Mdhamini wa mkopo alikuwa shemeji. Aliweka rehani kiwanja chake, ambapo alikuwa ameshachimba msingi wa nyumba ya vyumba viwili na kupanda miche ya mchongoma kama uzio. Aliweka sahihi huku anacheka, akisema kwamba kaka yake akishindwa kulipa yeye atahamia ndani ya mashine.

Sasa kaka hayupo, na hoteli ilikuwa haijalipa miezi saba. Kila Mama Pasi alipopeleka ankara, meneja alimwomba asubiri wiki ijayo, akamwagizia chai. Alikunywa chai nyingi sana mwaka ule. Marejesho ya mkopo yalikwama miezi mitatu, na chama kikaandika barua ya adabu iliyosema kwamba mwisho wa mwezi wataanza kumdai mdhamini. Shemeji aliisoma, akaikunja mara nne kama leso, akairudisha mezani. Hakutania. Mama Pasi aliona kwamba hakutania. Kati ya yote yaliyokuwa yakimpita mbali, hili moja lilikaa karibu: kwamba kiwanja cha mdogo wa mumewe kisichukuliwe kwa sababu ya nyumba yake, na pasitokee mtu wa kusema kwamba marehemu aliacha deni likamla ndugu yake.

Ikaja Jumanne. Mama aliyekuwa mkuu wa vyumba wa hoteli alipiga simu asubuhi, sauti chini, akasema lango limefungwa, mahakama imeikabidhi hoteli kwa mfilisi auze mali na kulipa wadai, na wafanyakazi wote wamekaa nje ya ukuta na mifuko yao. Wakati huo mashuka mia tatu na kumi na mawili ya hoteli yalikuwa kwenye chumba cha pasi, mengine yamefungwa, mengine bado chini ya mkono wa shemeji. Shemeji aliisimamisha pasi wima.

"Tusubiri, shemeji. Tuone kwanza upepo."

"Yatakwisha saa ngapi?"

"Yatakwisha mchana. Lakini utampelekea nani? Mwenyewe amefilisika."

"Mashuka hayajafilisika," alisema Mama Pasi. "Piga pasi."

Alipiga. Saa tisa walikodi gari dogo la mizigo, wakayapanga mabunda kwa hesabu, wakayafikisha kwenye lango la nyuma. Kijana mmoja wa mfilisi, mwenye kitambulisho kifuani, aliyapokea kwa mshangao na kutia sahihi kwenye daftari. Aliuliza mara mbili kama kuna gharama ya kulipwa pale pale. Mama Pasi akamjibu kwamba hesabu ziko kwenye ankara. Njiani kurudi shemeji alitazama dirishani muda wote.

Kesho yake alikuja karani wa wakili, mteja wa siku nyingi, kuchukua joho jeusi la bosi wake. Alikuwa mtu mwembamba aliyependa kueleza sheria kuliko waliosomea. Aliposikia habari ya mashuka aliliweka joho juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Alimweleza Mama Pasi jinsi mambo yanavyokwenda kampuni ikianguka. Wanaoidai hawagawiwi sawa. Benki iliyokopesha hoteli ilisajili dhamana juu ya jengo na vyombo vyake, kwa hiyo vikiuzwa benki inakula kwanza. Inafuata gharama ya mfilisi mwenyewe, kisha mishahara ya wafanyakazi mpaka kiwango fulani, kisha kodi. Mwisho kabisa wanakaa wale waliotoa mali au jasho kwa kuaminiana tu: wauza mboga, mafundi bomba, madobi. Hao hugawana makombo, kama yapo. Na hakuna kwenda mahakamani peke yako kudai chako, kwa sababu milango ya kesi hufungwa siku mfilisi anapoingia, ili asiwepo wa kuwatangulia wenzake.

"Isipokuwa aliyeshika mali mkononi," karani alisema. "Aliyeifanyia kazi na bado anayo, mkataba wake ukimruhusu, anaweza kuishikilia mpaka alipwe. Huyo hata benki inamsubiri. Mama, mnao mkataba na ile hoteli?"

Ulikuwepo, kwenye faili la kijani. Mama Pasi hakuwahi kuusoma wote, kwa kuwa mambo ya hoteli yalikuwa ya mumewe. Karani aliupitishia kidole mpaka kifungu cha sita, akausukuma mbele yake. Kiliandikwa kwa mwandiko wa marehemu, chini yake sahihi ya meneja: Dobi atakuwa na haki ya kushikilia nguo zozote za hoteli zilizo mikononi mwake hadi hesabu yote, ya zamani na ya sasa, iwe imelipwa.

Alikisoma mara tatu. Mtu yule yule aliyepanda ngazi na kopo la rangi ya bluu ndiye aliyeandika haya. Alitafuta ndani yake kitu cha kuhisi, hasira au hata aibu, akakuta pametulia.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka aliandika hiki ili wamwogope," alisema. "Hakudhani siku moja atakitumia. Angekufa kwa haya." Kisha akakumbuka kwamba kaka yake amekwisha kufa, akainama kutazama viatu.

Karani aliuliza kama kuna kitu chochote cha hoteli kilichobaki. Mama Pasi alikuwa anatikisa kichwa kukana pale mmoja wa wafuaji, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha sana, aliposema kutoka kwenye mabeseni kwamba vile vya meza bado vimelowekwa. Vitambaa vya meza arobaini na sita, vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu na nembo ya hoteli iliyofumwa humo humo. Vilirudi Jumapili kutoka kwenye mkutano wa watu waliomwaga kahawa kama wamelipwa kumwaga, na madoa yalikuwa yamegoma.

"Vimepigwa pasi?" aliuliza karani.

"Hata kusuuzwa bado."

"Basi visitoke," alisema, akachukua joho lake. Alipofika barazani akageuka, akatazama maandishi ya bluu yaliyoonekana kwa mbali kupitia milango miwili, akacheka peke yake.

Wiki iliyofuata wadai wote waliitwa mkutanoni, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Mama Pasi alijaza fomu ya kuthibitisha deni kwa mwandiko wa ubaoni, akaambatanisha ankara saba. Mwakilishi wa benki alikaa mbele na kalamu moja tu, hana karatasi. Muuza mboga alikuja na daftari la shule lililoloa kona. Wafanyakazi walisimama nyuma ingawa viti vilikuwepo. Mfilisi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Alisoma orodha ya madeni mpaka watu wakaacha kushtuka.

Mwishoni aliuliza kama yupo anayeshikilia mali yoyote ya hoteli, ajitaje. Kila mtu alijua kuna redio za vyumbani na masufuria ambayo hayakuwa tena hotelini. Mama Pasi alisimama, akajitaja, akataja na alichonacho: vitambaa vya meza arobaini na sita, na mkataba unaomruhusu kuvishika.

"Viko katika hali gani?" mfilisi aliuliza.

"Vina maji."

Watu walicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Mwakilishi wa benki hakucheka. Alisema kila kilichomo hotelini, mpaka kijiko, kimo ndani ya dhamana ya benki. Mfilisi aliuchukua mkataba, akausoma, akasema kwamba vitambaa hivyo havimo hotelini, vimo kwa dobi, na kwa hivyo vichache dobi yuko mbele ya benki. Kwa deni lililobaki atakaa nyuma na wenzake. Akaandika kitu, akaendelea na mengine.

Hapo ndipo maneno ya mtaani yanapoanzia: kwamba alificha. Mtu aliyesimama mbele ya watu themanini akataja hesabu ya alichonacho amekificha vipi?

Vitambaa vilisuuzwa, vikaanikwa, vikatoka vyeupe kabisa. Na hapo ikawa kazi. Nyumba ile haikujua kuweka kitu kilichokauka bila kukipiga pasi. Vilikunjwa kwa mkono na kuwekwa kwenye rafu ya chini, vimejaa makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa. Kila asubuhi shemeji aliviangalia, akauliza.

"Tuvipige?"

"Bado."

"Vinanitia aibu, shemeji. Mteja akiingia humu atadhani tumekuwa wavivu."

"Vikishapigwa pasi lazima viende. Havijapigwa."

Shemeji akaelewa, akacheka mpaka tumbo lake likatikisika. Siku ya pili alivifunika kwa shuka chakavu, kama ndege wa kufugwa anavyofunikwa, akaacha kuuliza. Wafuaji walianza kuviita "wageni". Wageni wamelala salama? Wamelala. Hivyo siku kumi na saba.

Mama Pasi alizihesabu siku hizo dhidi ya barua ya chama. Zilikuwa zimebaki nne mwezi uishe. Jioni moja, akifunga hesabu, alimwambia shemeji kwamba ikishindikana atauza mashine ya kukaushia kwanza, kabla kiwanja hakijaguswa. Shemeji alisema mashine ya kukaushia iliyotumika haina bei ya msingi na mchongoma, lakini alishukuru. Wakala machungwa.

Siku iliyofuata mfilisi alikuja mwenyewe, kwa miguu. Alikuwa amepata mnunuzi wa hoteli, mnunuzi aliyetaka kuifungua ikiwa kamili, na katika orodha ya vyombo vya ukumbi wa kulia mistari yote ilikuwa na alama ya tiki isipokuwa mmoja. Vitambaa vile vilifumwa kwa kuagizwa, na kuagiza vingine kungechukua miezi. Mama Pasi alimwongoza mpaka chumba cha tatu, akaondoa shuka chakavu. Mfilisi alivitazama vitambaa, kisha akarudi hatua moja nje ya mlango, akainua macho akasoma maandishi ya juu yake. Aliyasoma polepole.

Alitaja kiasi. Kilitosha marejesho ya mwezi mmoja na nusu.

"Mitatu," alisema Mama Pasi.

"Mama, deni lako lote haliwezi kutoka kwenye vitambaa vya meza."

"Silidai lote hapa. La pale nimelijazia fomu. Hapa nadai miezi mitatu ya mkopo, kwa kuwa kuna mtu aliyenidhamini."

Hakupanga kusema hayo. Shemeji, aliyekuwa anajifanya kujaza maji kwenye pasi, aliacha maji yakafurika.

Mfilisi aliuliza vikikubaliwa vitakuwa tayari lini. Mama Pasi alisema hilo linategemea. Linategemea nini? Pasi, alisema, huwaka zikilipwa. Mfilisi alishika paji la uso kwa vidole viwili, na pengine alicheka, haikuwa rahisi kujua kwa mtu wa sura ile. Alisema bei hiyo bado ni ndogo kuliko ya kufuma vipya, kwa hiyo hata benki haitakuwa na la kusema. Alirudi baada ya saa mbili na hati ya malipo ya benki.

Shemeji alipiga pasi kwa namna ambayo hajawahi kupiga. Mama Pasi alikunja, kona kwa kona, nembo juu. Saa kumi na moja kasoro robo gari lilikuwa langoni. Hakikulala kitambaa hata kimoja.

Chama kilipokea malipo siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi na kuandika barua nyingine ya adabu, ya shukrani. Kiwanja kimebaki cha shemeji. Mchongoma umefika kiunoni. Deni la hoteli lililosalia lilikaa nyuma ya foleni, mahali pake. Baada ya mwaka na miezi miwili ilikuja bahasha kutoka kwa mfilisi: wadai wasio na dhamana walipata sehemu nne katika kila mia. Muuza mboga alisema zake zimeishia kwenye nauli ya kwenda kuzifuata. Mama Pasi aliziandika daftarini, akafuta kilichobaki kwa mstari mmoja wa rula, bila kupumua kwa nguvu.

Maandishi ya bluu hayajafutwa. Na anayetaka kujua kama mali ilifichwa, afungue ukurasa wa siku ile. Pameandikwa: vitambaa vya meza, arobaini na sita, vimepigwa pasi leo, vimetoka leo. Pembeni kuna alama ya hudhurungi, ya duara. Mama Pasi aliegemeza mkono kwenye pasi tena wakati akiandika juu ya meza ya pasi, na safari hii aliuondoa mwenyewe, haraka, akapaka dawa ya kuungua, na kidole chenye dawa kikagusa ukurasa.